SHAMBA NA ZIZI: Ng'ombe na mahindi wanaweza kukaa pamoja

   

Mwezi huu tunaongea juu ya ng'ombe na mimea. Tuna sababu mbili. Ya kwanza mnaijua wote. Mahindi yakianza kutoa majani, kesi nazo zinaanza. Ng'ombe wa fulani ameingia kwa fulani, amekula mistari minne, wazee wa mtaa wameitwa, maneno yamekuwa makali. Na kama ng'ombe ni wa mwenyeji na shamba ni la mkimbizi, au kinyume chake, jambo dogo linageuka kuwa la kabila na la nchi. Ya pili inatuuma sisi walimu. Msimu huo huo ndio viti vinabaki wazi darasani. Ukiuliza, "Yuko wapi ndugu yako?" unajibiwa, "Anachunga, mwalimu." Mtoto analinda ng'ombe asiingie kwenye mahindi, na mwingine analinda mahindi yasiingiwe na ng'ombe. Wote wawili hawasomi!

Kwa hiyo tusiseme haya ni mambo ya wakulima tu. Mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena mwaka 2021, na tangu hapo kila mmoja amejifunza kwamba kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ni sehemu ya sufuria.

TUTAZAME PETTA

Mfano wetu tunauchukua Petta, katika wilaya ya Tororo, upande wa mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya kwa Busia na Malaba. Baadhi ya familia zetu zinaijua wilaya hiyo kwa miguu. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi Kenya, waliovuka mpaka walipokewa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, wilaya hiyo hiyo ya Tororo, kabla ya wengi kuhamishiwa Kiryandongo mwishoni mwa mwaka. Wazazi waliokaa Mulanda wanakumbuka mashamba ya wenyeji, Wapadhola: wimbi, mtama, mahindi, muhogo, viazi vitamu, na ng'ombe wachache wamefungwa kamba kando ya njia.

Ardhi ya kule inafanana na yetu kwa jambo moja: ni ndogo na watu ni wengi. Tena ina maadui watatu wa nafaka. Wa kwanza ni bungua, yule funza anayetoboa bua la mahindi na kula moyo wake. Wa pili ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016 na sasa kila mtu anamjua. Wa tatu ni kiduha, ambacho Wajaluo wanakiita kayongo. Ni kijimea chenye maua mazuri ya zambarau, lakini uzuri wake ni wa nje tu. Mizizi yake inashika mizizi ya mahindi, mtama au wimbi na kunyonya. Ukikiona kimetoka juu ya udongo, jua kazi yake ya uharibifu imeshafanyika chini. Mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu 50,000 na zaidi, ndogo kama vumbi, na zinakaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja.

Sasa, ng'ombe anaingiaje hapa?

SUKUMA NA VUTA

Kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mahali panaitwa Mbita, kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990 watafiti wake, wakiongozwa na Dkt. Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walitafuta njia ya kumzuia bungua bila dawa ya kununua. Njia waliyoipata inaitwa sukuma-vuta, na leo inatumika na wakulima wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na Tororo pia.

Ufundi wake ni huu. Kuzunguka shamba la mahindi unapanda mistari mitatu ya nepia, yaani majani ya tembo. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya maharage. Nondo wa bungua anakuja usiku kutafuta pa kutaga mayai. Harufu ya desmodiamu inamsukuma nje, harufu ya nepia inamvuta pembeni. Anataga kwenye nepia. Lakini mayai yakianguliwa na funza akianza kutoboa, nepia inatoa utomvu unaonata, na wengi wanafia hapo. Nepia inampokea mgeni kwa tabasamu halafu inafunga mlango!

Desmodiamu ina kazi nyingine chini ya ardhi. Mizizi yake inatoa kemikali inayoamsha mbegu za kiduha ziote, halafu nyingine inayozizuia zisishike mzizi wa mahindi. Mbegu imeamka, haina cha kunyonya, inakufa. Kwa hiyo kila msimu akiba ya kiduha udongoni inapungua. Juu ya hayo, desmodiamu inafunika udongo usikauke na kuongeza naitrojeni ambayo mahindi yanaitumia.

Kwa sehemu zenye jua kali, watafiti walibadilisha wakaweka brakaria mahali pa nepia na aina ya desmodiamu inayovumilia ukame. Mwaka 2018 walichapisha matokeo kutoka mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania: kwenye mashamba hayo kiwavijeshi vamizi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80, wakilinganishwa na mashamba ya mahindi peke yake.

Sasa angalieni vizuri. Nepia, brakaria, desmodiamu: yote ni chakula cha ng'ombe. Hapo ndipo tunataka mfike nasi. Walinzi wa mahindi ndio malisho. Mkulima asiye na mnyama atauliza, "Kwa nini nipande majani mahali pa chakula?" na swali lake ni la haki. Mwenye ng'ombe au mbuzi haulizi, kwa sababu anajua yale majani yatarudi nyumbani kama maziwa, na yatarudi shambani kama samadi. Mmea unamlisha ng'ombe, ng'ombe anaulisha mmea.

JINSI YA KUPANDA NA KUKATA

Nepia: vipande vya shina vyenye macho matatu, au vichipukizi vyenye mizizi. Kati ya mstari na mstari sentimita 75, kati ya shina na shina sentimita 50. Acha mita moja kutoka nepia hadi mstari wa kwanza wa mahindi, isije ikayafunika kivuli.

Desmodiamu: mbegu ni ndogo sana. Changanya na mchanga mkavu ili zisirundikane, mwaga kwenye mfereji mdogo katikati ya mistari ya mahindi, funika kidogo tu. Msimu wa kwanza inakua polepole, na ukiiacha magugu yataimeza. Palilia kwa mkono. Kuanzia msimu wa pili inajitegemea.

Kukata: ngoja miezi mitatu hivi, nepia ifike mita moja hadi moja na nusu. Anza na mstari wa ndani, ule ulio karibu na mahindi. Mistari ya nje iendelee kumvuta nondo. Ukikata yote siku moja, umeondoa mlinzi wa lango.

Ukiona nepia inatoa majani madogo ya manjano, inadumaa na kujaa vichipukizi vingi vyembamba, huo ni ugonjwa wa kudumaa kwa nepia. Umeharibu malisho mengi magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda. Unaenezwa na mdudu mdogo mrukaji, na pia na sisi wenyewe tunapopeana mbegu ya shina gonjwa. Ng'oa shina lote, usimpe jirani kipande hata akikuomba kwa upole. Siyo uchoyo huo, ni kumpenda.

HESABU YA KIWANJA KIDOGO

Hapa tuweke mambo wazi. Watu wengi wanaohubiri njia hii wana mashamba makubwa kuliko yetu. Hebu watoto wa darasa la sita wachukue kalamu.

Chukua kiwanja cha mita 30 kwa 30. Hicho ni mita 900 za mraba. Mistari mitatu ya nepia pamoja na ile nafasi ya mita moja inakula kama mita 2 na nusu kila upande. Ndani inabaki 25 kwa 25, yaani 625. Umepoteza 275, karibu theluthi moja ya kiwanja chote. Ni nyingi!

Sasa majirani wawili waliopakana waunganishe viwanja vyao na kuvizungushia mpaka mmoja. Vinakuwa 30 kwa 60, yaani 1,800. Ndani inabaki 25 kwa 55, yaani 1,375. Wamepoteza 425 kwa pamoja. Kama kila mmoja angezungusha peke yake wangepoteza 550. Wameokoa mita 125 za mraba kwa kukubaliana tu. Na pale katikati, mahali walipokuwa wakigombania mpaka, sasa wanapanda mahindi.

Hesabu ya pili ni ya ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anaweza kula karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, na akikamuliwa anakunywa maji lita 40 hadi 60 au zaidi. Ng'ombe wa kienyeji anakula kidogo kuliko huyo, lakini naye si ndege. Kwa kawaida ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji nusu ekari hadi ekari nzima ya nepia. Mpaka wa kiwanja kimoja hautoshi hata kidogo. Unatosha kusaidia mbuzi wawili watatu, au kuwa nyongeza kwa ng'ombe anayepata malisho kwingine.

Kwa nini tunasema hivi? Kwa sababu wako wazazi wanaota kupewa mtamba na shirika. Ndoto ni nzuri. Mwaka 1988 wakulima wa Uingereza walianza kuleta mitamba Uganda kwa ndege, chini ya shirika la Send a Cow, ambalo tangu 2022 linaitwa Ripple Effect. Lakini sharti lilikuwa hili: kwanza upande malisho, ujenge zizi, ndipo mtamba aje. Na ndama jike wa kwanza umpe familia nyingine. Waliona mbali. Ng'ombe akitangulia kuja kabla ya majani, atakachokula ni mahindi ya jirani, na atakayemfuata nyuma na fimbo ni mtoto wako wa darasa la tatu.

SAMADI: DENI LINALOLIPWA

Kila ukikata nepia, umechukua nguvu ya udongo ukampa ng'ombe. Usiporudisha, baada ya misimu michache nepia itakuwa nyembamba kama nywele za mgonjwa. Kwa hiyo samadi isiende kwenye mahindi peke yake. Gawa.

Lakini msimwage samadi mbichi juu ya miche, itaiunguza. Tena mbegu nyingi za magugu zinapita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na kiduha ni mojawapo. Ndiyo maana mtu analia, "Nimeweka mbolea na kayongo imeongezeka!" Tengeneza lundo kivulini: samadi, majani makavu, mabaki ya jikoni, jivu kidogo. Funika kwa majani ya ndizi, geuza kila wiki mbili tatu. Lundo likipata joto la kutosha, mbegu nyingi zinakufa. Baada ya miezi mitatu hivi linakuwa jeusi, halinuki, na liko tayari. Kiduha kilichong'olewa kikiwa na maua usikitupe kwenye hori wala kwenye lundo. Choma.

Nguvu ya ng'ombe kwa shamba siyo mavi tu. Teso, kaskazini ya Tororo, watu walianza kulima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe karibu na mwaka 1910. Mashamba yakapanuka. Kisha kuanzia 1986 na 1987, wakati wa vita na uporaji wa mifugo, makundi makubwa ya ng'ombe yalichukuliwa. Watu waliobaki walirudi kwenye jembe la mkono na mashamba yakapungua. Wazee waliotoka kule wanaweza kuwasimulia vizuri kuliko sisi. Walioibiwa ng'ombe waliibiwa na wimbi pia.

MIMEA INAYOUA NG'OMBE

Tafadhali wazazi someni sehemu hii kwa sauti, watoto wachungaji wasikie.

Mtama mchanga: ukiwa chini ya goti, au ukichipua tena baada ya kukatwa au baada ya ukame, una sumu ya sianidi. Ng'ombe mwenye njaa akiingia humo anaanza kuhema kwa nguvu, anayumba, anaanguka. Anaweza kufa kabla hujampata daktari wa mifugo. Hatari ni ile ile kwa majani mabichi na maganda mabichi ya muhogo mchungu. Yaanikwe juani yakauke kwanza. Marando ya viazi vitamu hayana shida hiyo, ni chakula kizuri.

Lantana: kile kichaka cha maua madogo ya nyekundu na njano ambacho wengine tunakipanda kama ua. Majani yake yanaharibu ini la ng'ombe, na ngozi inachubuka akipigwa na jua. Ana ubaya mwingine. Kule Busoga, Tororo na Busia vichaka vizito vya lantana vimekuwa maficho ya mbung'o, anayeleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Ng'ombe anaweza kubeba vimelea vya malale bila kuonekana mgonjwa, na mbung'o akimuuma yeye kisha akakuuma wewe, umeupata. Hivyo ndivyo kichaka, ng'ombe na binadamu wanavyofungwa kamba moja. Fyeka karibu na nyumba na karibu na kisima, na ng'ombe wapuliziwe dawa.

MASWALI YENU

Mama mmoja alituuliza: "Mimi sina ng'ombe wala mbuzi. Hayo yote yananihusu nini?" Mama, nepia inauzwa kwa mafungu. Kama jirani yako ana ng'ombe na hana majani, na wewe una majani na huna samadi, si mnahitajiana? Kubadilishana magunia hakuhitaji pesa. Kubalianeni mbele ya mtu mzima mwingine, idadi ijulikane, kila mtu aweke neno lake.

Mzee mmoja naye alisema: "Leo niko hapa, kesho siko. Nipande kitu cha miaka mitano kwa nini?" Mzee wetu, tumelifikiria neno lako sana, na hatuna jibu la kukucheka. Sisi wenyewe hatujui kesho. Tunachoweza kusema ni hesabu. Nepia unaikata baada ya miezi mitatu. Desmodiamu inaanza kukulipa msimu wa pili. Ukikaa mwaka mmoja tu, umeshakula faida. Ukikaa kumi, kama wengi walivyokaa bila kupanga, utakuwa umekula mara nyingi. Na ukiondoka, mbegu ya desmodiamu inaingia kwenye kona ya kitambaa. Wajukuu wako wataipanda huko mtakakokwenda.

KAZI YA FAMILIA MWEZI HUU

1. Pimeni kiwanja chenu kwa hatua, baba au mama mbele, watoto wanahesabu. Chora ramani kwenye daftari.
2. Tembeleeni jirani mnayepakana naye. Muulizeni kama angekubali mpaka mmoja wa nepia. Kama mna kesi naye, anzeni na salamu.
3. Mwenye ng'ombe: funga kamba au mlishe zizini kuanzia mahindi yanapochipua hadi yavunwe.
4. Ng'oeni kiduha chote kabla hakijatoa mbegu, mkichome.
5. Mtoto anayechunga, tafadhali apewe zamu. Asubuhi awe darasani. Majani yakiwa kando ya nyumba, dakika za kukata jioni zinatosha.

Wahenga wanasema ng'ombe akivunjika guu malishoni, hujikokota zizini kusaidiwa. Sisi tunaongeza: afadhali asiende mbali tangu mwanzo, malisho yawe karibu na mtoto awe shuleni.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kuku na bustani ya mboga, maana hapo nako kuna kesi! Leteni maswali yenu kwenye sanduku la shule, au mpeni mtoto aje nayo. Mtoto akija na swali, tutamwonyesha pa kukaa.

Wenu, walimu wa kujitolea.